Kondoo wa Jumamosi

Jumatano, 25 Septemba

Bi Grażyna, mwenye kampuni yetu ya matembezi, amepiga simu kutoka Krakow. Majira ya baridi anabakiza mwongozaji mmoja tu. Mmoja! Ama mimi, ama Bogna. Jumamosi tunapandisha mabasi mawili kuja huku kwetu Zakopane, milimani, asubuhi kuja na jioni kurudi, moja langu na moja la Bogna. Yeye mwenyewe atapanda langu wakati wa kuja na la Bogna wakati wa kurudi. Kisha ataamua.

Nilijizuia nisicheke kwenye simu. Mashindano gani haya? Bogna kazaliwa Krakow, ardhi tambarare kama meza. Anajua kila kanisa lilijengwa mwaka gani na fundi aliitwa nani. Hongera zake. Mimi ni Wawrzek Mrowca, mtu wa milimani, mwana wa mtu wa milimani. Siku nilipofumbua macho, kitu cha kwanza kuona kilikuwa mlima Giewont dirishani. Cha pili, mama. Nikasomee nini tena?

Hata hivyo, nikikosa nimekwisha. Baba mkwe wangu, Mzee Maciata, ana kazi ananiwekea kila mwaka: kuzoa samadi zizini kwake mpaka theluji iyeyuke. Kipaza sauti au sepetu. Hakuna njia ya katikati.

Hanka, mke wangu, kauliza kama kazi nimeshaipata. Nikasema ndiyo. Kabla sijavua viatu alikuwa keshawapigia simu dada zake wote.

Alhamisi, 26 Septemba

Mkakati wa kwanza: meza ya dirishani.

Katika ile hoteli ya chakula karibu na barabara ya Krupówki kuna meza ndefu moja inayotazama Giewont sawasawa. Mtu akila supu ya kabichi chachu huku akiuona mlima, hasahau maisha. Nikaenda kuiagiza. Mwenye hoteli akasema imeshaagizwa na Bogna tangu Julai. Julai! Mtu wa namna gani huyu, anaagiza meza kiangazi kizima mapema? Hana mambo mengine nyumbani kwao?

Nikangoja mwenye hoteli aingie jikoni. Nikakichukua kibao chenye jina la Bogna, nikakihamishia kwenye meza ya pembeni, ile iliyo karibu na choo. Kazi safi kabisa. Nilipogeuka, mwenye hoteli alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria mkononi. Akasema vizuri sana, sasa ile ya chooni ni yako, na kibao nikirudishe.

Nimekirudisha kwa heshima zote. Mtu wa milimani anajua kushindwa vita vidogo.

Mkakati wa pili ni bora zaidi. Jumamosi barabara kuu hujaa magari kuanzia Krakow hadi hapa. Bogna atakwama humo pamoja na tarehe zake za makanisa. Mimi nitapita njia ya vijijini, ile aliyokuwa akipita babu na gari lake la farasi. Nitafika kabla yake, nitawaketisha watu wangu dirishani, na mimi nione nani atawaondoa watu wazima walioshika vijiko.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimepanda hadi malishoni kwa baba mkwe kuchukua jibini ya moshi ya kuwaonjesha wageni wangu. Mzee Maciata ni baca, yaani mchungaji mkuu. Kuanzia masika hadi sasa hukaa juu mlimani na kondoo wa kijiji kizima, akitengeneza jibini kibandani kwenye moshi. Nilimkuta akikandamiza jibini za mwisho za mwaka. Hakunyanyua kichwa.

Akaniuliza kama nimekuja kusaidia. Kesho ni redyk, kondoo wanateremka kurudi kwa wenyewe, na mkwe wa baca anatakiwa awe pale na fimbo. Nikamweleza kwa upole kwamba kesho mimi ni mtu wa basi. Akasema, "Mkwe wangu ni mtu wa basi," akawageukia mbwa wake kana kwamba anawapa habari za msiba. Wale mbwa weupe wakanitazama vibaya.

Halafu akaanza kunieleza mwaka huu watapita wapi, kwa sababu daraja la chini linatengenezwa. Nikamkatiza. Nikamwambia Mzee, mimi barabara za hapa nazijua kama kiganja changu, mambo ya njia tuachie sisi wenye fani.

Akarudi kwenye jibini zake. "Haya, mwenye fani. Tutaonana."

Jibini amenipa moja tu. Kwa basi zima! Nimeshuka Krakow jioni nikiwa nimevaa suruali nyeupe ya sufu yenye maua ya kutariziwa, na kofia yenye kauri kuzunguka. Kwenye treni kila mtu alinitazama. Wana haki.

Jumamosi, 28 Septemba

Naandika haya kwa fahari. Nianze mwanzo.

Tuliondoka asubuhi. Bi Grażyna kiti cha mbele, nyuma yangu, miwani puani. Barabara imejaa kama nilivyotabiri. Zenek, dereva, alitaka kuendelea kulifuata basi la Bogna polepole. Nikamwambia kata kushoto. Akauliza nina uhakika. Nikamjibu kwenye kipaza sauti, ili basi zima lisikie, kwamba Mrowca hajawahi kupotea katika milima hii. Watu wakapiga makofi. Tukakata kushoto.

Njia tupu! Nyumba za magogo, mabanda ya nyasi kavu, jua. Nilimwona Bi Grażyna akitabasamu. Tulipokunja kona ya pili, nikasikia kengele.

Kondoo. Barabara nzima, ukuta kwa ukuta, migongo tu mpaka kule mbele. Vijana wamebeba misonobari midogo iliyofungwa utepe. Mbwa wale wale wa jana. Na mbele kabisa, akitembea katikati ya barabara kama askofu, Mzee Maciata.

Zenek akapeleka mkono kwenye honi. Nikaudaka hewani! Baca akiteremsha kondoo hapigiwi honi. Hata awe nani nyuma yake, hata ambulensi hufikiria mara mbili. Mtu wa Krakow angebonyeza. Mimi, hapana. Nikamwambia Zenek akibonyeza nateremka na harudi kuniona.

Baba mkwe akageuka. Akaliona basi. Akaniona mimi kwenye kioo, kofia, kauri, kipaza sauti na vyote. Akanyanyua fimbo kunisalimu, kisha akapunguza mwendo. Naapa. Alikuwa akitembea polepole, akaanza kutembea polepole zaidi.

Bi Grażyna akauliza itachukua muda gani. Nikasema kidogo tu. Baadaye akauliza tena. Nikasema kidogo tu, ila kidogo cha milimani. Hakucheka. Nyuma kondoo wengine waliingia kutoka njia ya pembeni, kwa hiyo hata kurudi haikuwezekana. Nilimfikiria Bogna yuko dirishani anakula supu. Niliifikiria sepetu. Nilijaribu kusimulia habari za babu, lakini kengele zilinizidi sauti.

Ndipo bibi mmoja mnene kutoka Łódź akasimama akasema yeye hakutoka kwao kuja kukalia kiti. "Nifungulie mlango, mwanangu, nataka kutembea na wale." Zenek akafungua bila kuniuliza. Bibi akashuka. Wakashuka wawili, wakashuka wote, na Bi Grażyna akashuka na viatu vyake vya ofisini. Nikabaki na Zenek na viti vitupu. Niliendelea na maelezo. Programu ni programu.

Kupitia kioo niliyaona yote. Bibi wa Łódź kapewa msonobari wenye utepe abebe. Bwana mmoja wa benki, ambaye asubuhi alilalamika kwamba kiti chake kina vumbi, kakumbatia kondoo mchanga aliyechoka miguu, na samadi mpaka magotini, anaimba. Bi Grażyna anatembea bega kwa bega na baba mkwe, nywele zimefumuka, anacheka kama msichana. Milangoni watu wanawapa vitambaa na maziwa machachu.

Tuliingia Zakopane jioni. Giewont kamezwa na ukungu. Jikoni kumefungwa, meza ya chooni imeshapewa wengine. Watu wangu hawajaona mlima, hawajala supu, hawajapanda hata kile kitreni cha kwenda kilimani. Nikashuka kwenye basi tayari kuomba radhi. Walikuwa wanalia! Kwa furaha! Bibi wa Łódź akanibusu mashavu yote mawili akasema hajawahi kuishi siku kama hii tangu aolewe, na hata siku ile hakuna uhakika.

Basi la Bogna lilikuwa pale, watu wake wameshiba, wanapiga miayo.

Bi Grażyna akanijia na nyasi kichwani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wawrzek, haya uliyapanga wewe?"

Nilifumbua mdomo niseme kweli. Nakiri ilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Lakini Bogna alikuwa amesimama anasikiliza.

"Miezi sita," nikasema. "Nimeyapanga miezi sita."

Jumapili, 29 Septemba

Nimerudi kutoka Krakow kwa treni ya alfajiri, na kanisani nimekaa mbele. Kila mtu kasikia. Nilipokea pongezi mlangoni kabla ya padri kuamkiwa. Baba mkwe akapita akaniuliza kama mtu wa basi amelala vizuri. Hanka anasema baba yake amecheka tangu jana mpaka mbavu zinamuuma. Bila shaka ni furaha ya kuwa na mkwe wa maana.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimepata! Bi Grażyna kathibitisha kwa simu. Mimi, si Bogna. Atanipa na koti jekundu lenye jina langu mgongoni. Hanka alilia. Nami kidogo, lakini kwa upande.

Mwishoni kabisa Bi Grażyna akasema jambo dogo. Tangazo la majira ya baridi tayari liko mitaani: "Kila Jumamosi, shuka mlimani na kondoo." Kwa kuwa mimi ndiye ninayeyapanga, akasema, anajua halitakuwa tatizo. Kila Jumamosi, Desemba hadi Machi.

Nikasema kondoo ni jambo rahisi kabisa.

Hanka akaacha kulia. Akaniuliza kama nina homa. Redyk ni mara moja kwa mwaka, akasema, mtoto wa chekechea anajua, na Januari kule juu hakuna kondoo wala nyasi, kuna theluji mpaka kiunoni. Nikamwambia yeye anaangalia matatizo, mimi naangalia mbali.

Jumanne, 1 Oktoba

Kwa baba mkwe. Nilivaa koti zuri.

Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si dalili njema. Kisha akanieleza kama anavyomweleza mtu aliyetoka nchi ya mbali. Kondoo walioteremka Jumamosi si wake. Ni wa watu. Ndiyo maana ya kuteremka: kila kondoo amerudi kwa mwenyewe. Yeye amebakiwa na wake tu, wachache, vikongwe, na dume moja linalopiga watu kichwa.

Nikasema hao hao wanatosha.

Akavuta kiko chake. Akasema sawa. Kondoo atatoa. Ila kondoo wa kutembezwa theluji lazima alishwe vizuri, akaushwe manyoya na alale pakavu. Anayemtembeza ndiye atakayemlisha, ndiye atakayemkausha, ndiye atakayemsafishia zizi. Kila siku, si Jumamosi tu. Akanipa sepetu. Alikuwa nayo nyuma ya mlango, tayari.

Tumepeana mikono. Mzee anadhani kanishinda. Hajui kwamba amekwisha kubali masharti yangu.

Jumamosi, 11 Januari

Naandika zizini, ambapo kuna joto. Sasa ndiyo ofisi yangu.

Mambo yanakwenda vizuri kupita kiasi. Alfajiri nasafisha, nalisha, nakausha. Wageni wakija naongoza kondoo kushuka kwenye theluji hadi barabarani, mimi mbele katikati, kofia na kauri. Dume limenipiga mara mbili tu leo. Kwa kuwa mtu hawezi kushika kondoo na kipaza sauti kwa pamoja, Bi Grażyna amemrudisha Bogna aongee ndani ya basi. Koti jekundu amepewa yeye, maana kwangu dume lilishalitafuna mkono mmoja. Koti lenyewe, hata akilivaa yeye, bado lina jina langu mgongoni. Kwa hiyo kila aongeapo, ni Mrowca anayeongea.

Leo nilimsikia akiwaeleza wageni habari zangu. Akanionyesha kwa mkono, akasema yule ni mtu wa milimani halisi, hivyo ndivyo walivyoishi. Watu wote wakanipiga picha. Giewont ilikuwa wazi kabisa nyuma yangu, na hakuna aliyeitazama! Baba mkwe alisimama mlangoni pa zizi akaona yote. Akasema nimekuwa mchungaji mzuri. Nikamsahihisha: mkuu wa idara.

Kabla basi halijaondoka, Bi Grażyna akateremsha kioo. Wageni wanawapenda kondoo, akasema, lakini msimu ujao anataka kitu kikubwa zaidi. Akauliza kama kule juu namjua mtu mwenye dubu.

Nikasema hakuna haja ya kumtafuta mtu. Dubu mwenyewe namfahamu.

Hanka anasema dubu hulala mpaka Aprili. Ni kweli. Lakini hajawahi kuamshwa na Mrowca.