Mama Mkwe Anapaa

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe amekuja kutusalimia. Mwalimu wa michezo mstaafu. Nilitarajia malalamiko ya magoti. Asubuhi nimemkuta sebuleni anapiga pushapu. Si za kawaida! Anajisukuma, mwili wote unaacha sakafu, anapiga kofi hewani, anatua kimya kama paka. Nimeganda mlangoni, mswaki mdomoni. Subhana! Mke wangu akasema mimi hata chupa ya jamu hunishinda. Wakacheka. Basi ni vita.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: nijifunze kwa siri, Jumapili nipae mbele ya wakwe wote. Nimemdodosa mama kijanja, eti kuna rafiki yangu. Akasema rafiki apashe viungo joto, aanzie ukutani, ahamie mezani, sakafu baadaye sana. Atue viwiko vikiwa vimekunjwa. Akichoka, aache. Na apunguze kitambi. Rafiki amekasirika.

Jumatano, 5 Machi
Ukuta ni wa watoto. Nimeanza na sakafu. Nikasukuma kwa nguvu zote. Mikono ikapaa. Mimi nikabaki. Pua ilitangulia kutua. Nimemwambia mke wangu nimegonga mlango wa kabati. Akanikumbusha kabati letu lina pazia.

Ijumaa, 7 Machi
Mama amenifumania nikijaribu tena sakafuni. Hakucheka. Akanisimamisha mbele ya ukuta, akasimama kando yangu.
“Sukuma, baba. Uachie ukuta. Haya, pokea taratibu.”
Viganja vikaachana na ukuta. Kofi! Dogo, lakini kofi. Kwa kufumba na kufumbua hakuna kilichonishika duniani. Machozi yalinilenga. Mama akasema huo ndio mwanzo, nisiuharakishe.

Jumapili, 9 Machi
Wakwe wamejaa. Mama akapaa. Hata shemeji, asiyesifu mtu, alisahau kutafuna. Kisha mama akawaambia nami ninaweza, akanionyesha ukuta kwa kidole. Wote wakanitazama kwa upendo.
Nikaupita ukuta, nikalala kifudifudi sakafuni.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una bendeji. Daktari kasema umeteguka, nishukuru haukuvunjika. Mama ameondoka, kaniachia baraka na agizo: nikipona, ukutani. Mwanamke wa ajabu. Lakini usiku kucha nimewaza, na kosa nimeliona. Sakafu iko karibu mno! Mtu anatua kabla hajapiga kofi. Nikijirusha kutoka kitandani, nitapata muda wa kupiga mawili.