Gereza Lililohamia Kaunti ya Jirani

Ofisi ya karani wa mahakama ya Kaunti ya Pruell, Oklahoma, inautangazia umma kwa fahari kwamba gereza letu jipya halipo tena kwetu. Halikubomolewa. Tumelitoa kwa hoja za kisheria.

Karani ndiye mimi.

Paa la gereza hilo liliezekwa na Lorna Pickett. Mkandarasi, shemeji yake Royce Hadley, mwenyekiti wa baraza la kaunti yetu, akatoweka bila kumlipa. Kwa jengo la umma, fundi aliyedhulumiwa huishtaki kampuni iliyotoa dhamana ya malipo, na kesi hufunguliwa katika kaunti lilipo jengo. Lorna akaja dirishani kwangu.

"Nimekuja kushtaki, kaka."

"Jengo liko kaunti gani, mama?"

"Si lile pale! Geuza shingo ulione!"

Nikamfafanulia kwamba kuona si utaratibu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na mwenyekiti hakutaka jina la shemeji lisikike katika mahakama ya kwao. Mpima ardhi wake alikuwa amegundua kuwa mpaka wetu na kaunti jirani hufuata mkondo wa zamani wa kijito, si wa sasa. Kwa hiyo gereza lilikuwa upande wa pili, Kaunti ya Dorsett.

"Jana mlikata utepe hapo!" Lorna akafoka. "Mnanizungusha kama pia! Nina vijana wa kuwalipa mishahara!"

Akafungua kesi hivyo hivyo. Wakili wa kaunti yetu akaingilia kati, akatetea mpaka mpya kwa ufasaha, jaji akakubali, kesi ikatupwa. Tulisherehekea kwa pai ya njugu za pekani.

Lorna akaichukua hukumu ile hadi Dorsett. Wakampokea kwa mikono miwili, na kampuni ya dhamana ikamlipa yote.

Kisha akaja Ilse Brandt, mkuu wa polisi wa Dorsett, na kufuli mpya.

"Asanteni kwa gereza," alisema. "Letu lilikuwa bovu."

"Hili ni langu!" Hadley akabweka, akajibana mlangoni. "Nimelijenga mimi!"

"Mzee, hukumu hii hapa. Umeshinda mwenyewe. Toka."

"Sitoki!"

"Basi ingia."

Wakamfungia humo kwa kuvamia mali ya kaunti nyingine. Akanipigia simu akifoka: mtu wa hadhi yake hawezi kulala mahabusu ya ugenini, nifanye mpango ahamishiwe gereza la kwao.

Ilinibidi nimjulishe, kwa masikitiko ya kiofisi, kwamba hatuna gereza.