Pipa la Bibi Lazima Liondoke

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimeamka saa kumi na nusu alfajiri. Baridi! Kasulu nzima ilikuwa imelala, macho ni mimi na pipa. Lilikuwa la mafuta ya lori. Sasa limekaa juu ya mawe nyuma ya jiko, bomba limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na Bibi amelichora msalaba wa chokaa. Eti huo ndio mtambo wetu wa maji ya moto. Napuliza moto, nalia machozi, wote wanaoga, kisha nakimbilia shule nikinuka moshi. Kwa jirani yetu Immakulata, ninayesoma naye, wana shawa ya umeme. Leo ametangaza darasani kwamba samaki wa moshi, mgebuka, amewasili, wafungue madirisha. Wakacheka, wajinga. Jumamosi Mwalimu Ghati anachagua msemaji mkuu wa mdahalo wa Kibondo. Msemaji mkuu hanuki samaki.

Jumanne, 15 Julai
Nimempa Baba hoja nne kwa mpangilio, kama tunavyofundishwa. Kuni. Muda. Macho yangu. Heshima ya ukoo. Akakuna kidevu, akasema kitu kinachofanya kazi hakiondolewi kwa maneno. Ameazima kwa Fundi Pasikali hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Tutaijaribu, Jumapili ataamua. Bibi akauliza kama hiyo hita inajua kupika maharage. Maswali ya wazee!

Jumatano, 16 Julai
Ushindi! Nimeamka saa kumi na mbili. Maji yamechemka nikiwa napiga mswaki. Nimenukia sabuni siku nzima, Immakulata hakugusa dirisha.
Jioni, maharage magumu kama kokoto. Kumbe Bibi huzika chungu kwenye majivu ya pipa kila asubuhi, maharage yakaiva taratibu hadi jioni. Hakuna moto, hakuna maharage. Baba alitafuna, akalitazama pipa kwa huruma. Sikuipenda huruma ile.

Alhamisi, 17 Julai
Kokoto tena. Baba amesema haoni sababu ya kusubiri Jumapili. Hatari! Hoja zikigoma, vitendo. Jioni alipita mnunuzi wa chuma chakavu na mkokoteni wake. Bibi alikuwa kwenye sala za jumuiya. Nikamwonyesha pipa bovu lisilo na mwenyewe. Akanipa beseni la bluu, nikalificha chini ya kitanda. Bibi aliporudi alilizunguka jiko mara tatu, akiita "Yoo! Yoo!" kama aliyepotelewa na mbuzi. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba dunia ina wezi.

Ijumaa, 18 Julai
Umeme umekatika tangu asubuhi. Hita inaning'inia ukutani kama mjusi aliyekufa.

Jumamosi, 19 Julai
Umeme bado. Maji yangu yamechemshwa kwenye sufuria, kuni mbichi, mpulizaji mimi. Nimefika nimechelewa, nanuka kuliko siku zote. Immakulata alikuwa mbele, anang'aa. Nikamwuliza kwa dharau ameogea maji gani bila umeme. Akasema baba yake ana akili: juzi alinunua pipa la akiba kwa mtu wa mkokoteni. Tena limebarikiwa, lina msalaba.
Mwalimu Ghati amemchagua yeye. Mimi ni wa akiba, endapo ataugua. Nimemtazama vizuri. Anaonekana mzima sana.

Jumapili, 20 Julai
Akitoka misa, Bibi ameuona msalaba wake ng'ambo ya ua. Kisha akafagia chini ya kitanda changu. Baba hakunichapa. Ametoa uamuzi, ambao ni mbaya zaidi. Hita irudi kwa Fundi Pasikali. Pipa libaki kwa kina Immakulata, maana wamelipata kwa haki. Watatugawia maji, na Bibi atazika chungu chake hukohuko. Wa kuwasha moto ni mimi, saa kumi kamili, kwa nyumba mbili! Immakulata amekwisha kuagiza kwamba yake yasiwe ya moto sana. Kuagiza!
Baba ameniambia niketi nitafakari kosa langu. Nimetafakari kwa uaminifu, nimeliona: nilikubali beseni dogo.
Alhamisi Immakulata atakuwa Kibondo kwenye mdahalo, na wazazi wake sokoni. Jioni hii mtu wa mkokoteni amepita tena. Nimemwuliza kama ana mabeseni makubwa.
Anayo.