Duara la Mtaa wa Mkurugenzi

Idara ya Mwonekano wa Mji ina furaha kuutangazia umma kwamba mtaa wa Mkurugenzi wetu sasa unaongoza mji mzima kwenye ramani ya gazeti la mtandaoni. Mimi, Afisa Mwandamizi wa Kubonyeza, nilishiriki kikamilifu.

Ramani yenyewe ni ya kisasa. Mwenye bomba la majitaka lililoziba anagusa mtaa wake kwenye simu, na duara jekundu la mtaa huo linanenepa. Penye duara nene kuliko yote ndipo Waziri anapeleka katapila, nalo mji mzima tunalo moja tu. Shangazi yangu, ambaye majitaka yalishamfikia kizingitini, alikuwa akigusa tangu alfajiri, na mtaa wao, nyuma ya ukuta wa Mkurugenzi, ulikuwa karibu kushinda.

Mkurugenzi alipoiona ramani alinuna. Maelezo hakusoma, mtu wa hadhi yake husomewa.

"Hawa wa nyuma ya ukuta wangu wana duara, mimi sina hata kitone?"

Nikaanza kumweleza maana ya duara. Akaniuliza kama nimechoka kazi. Nikajichunguza, nikajikuta sijachoka hata kidogo. Idara nzima ikaketi kubonyeza, makarani kwa wahasibu, hata dereva akisubiri taa za barabarani. Duara la bosi likafura, likalimeza la shangazi, likavuka mto. Bosi akakata keki.

Shangazi akapiga simu kuuliza duara lao limeliwa na nani. Nilimjibu kwamba suala linashughulikiwa. Roho iliniuma, lakini keki nilikula.

Asubuhi katapila likafika getini kwa Mkurugenzi. Akatoka amevaa pijama, akitabasamu, akidhani ni tuzo. Dereva wa katapila akamwonyesha simu.

"Mzee, ramani inasema hapa ndipo pananuka kuliko kote."

Akachimba. Chini ya bwawa la kuogelea, ambalo halimo kwenye ramani yoyote ya mji, akakuta bomba linalotoka mtaa wa shangazi limebanwa na zege. Akalivunja zege, na bwawa likaenda nalo. Nyuma ya ukuta, mfereji ukakoroma, kizingiti cha shangazi kikakauka. Alinipigia akicheka, nami nikacheka ofisini, kinyume cha kanuni.

Gazeti limeiboresha ramani. Sasa ukigusa duara inatokea picha ya Mkurugenzi na pijama yake, kando ya shimo. Hakuna kitu kinachoguswa kama hicho nchi nzima. Na safari hii Idara haijambonyezea hata mara moja.