Babu na Safu Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu wa jiografia katupa kazi. Kila mmoja ahoji watu ishirini wa mtaani kwake, kisha achore chati yenye safu mbili: Waumini na Wasioamini. Iliyo bora itabandikwa nje ya ofisi ya mkuu wa shule hadi mwisho wa mwaka. Naitaka nafasi hiyo mno! Jirani yangu darasani, tunayemwita Rula, naye anaitaka. Keshanunua kalamu za rangi.

Jumanne, 5 Machi
Nimehoji kumi na tisa. Wote husali kila siku, ati. Kinyozi aliapa kabisa. Mkewe akacheka mpaka akakaa chini. Nashuku sare yangu ya shule inawatia hofu.

Jumatano, 6 Machi
Mbinu mpya! Nimemwuliza fundi cherehani ni suruali za nani huchakaa magotini. Kwa kipimo hicho, mcha Mungu kuliko wote ni fundi wa vigae vya sakafu. Nimefuta ukurasa huo mzima, majibu ya jana yabaki.

Alhamisi, 7 Machi
Wa ishirini ni babu. Jana alinieleza waziwazi: tangu bibi afariki, haamini kitu. Safi. Lakini leo alfajiri nimemsikia akiitikia sala. Zamani bibi alianzisha, babu akaitikia, nami katikati yao kitandani, sauti zao zikinifunika kama shuka ya pili. Sasa kwenye zamu ya bibi ananyamaza, anasubiri, kisha anaitikia. Nikamwuliza mbona anasali.

"Sisali, mjukuu wangu. Namwitikia bibi yako tu."

Ijumaa, 8 Machi
Nimemweka babu safu zote mbili. Jumla: watu ishirini na mmoja. Mwalimu akasema watu wanaihesabu dunia nzima, sembuse mtaa mmoja. Nimwondoe babu safu moja, yoyote ile, na ukuta ni wangu. Nilishika kifutio muda mrefu. Nikashindwa. Imebandikwa ya Rula, ambaye hakuhoji hata paka. Jumla yake imetimia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimedamka kumpima babu upya. Nikajibanza mlangoni na daftari. Zamu ya bibi ilipofika, kimya kile kikanishinda. Nikayasema maneno yake. Yote! Sikujua kama bado ninayo. Babu akaitikia mpaka mwisho.

"Hukukosea," akasema. "Ila bibi yako hakuwa na haraka hivyo."

Tatizo: mpimaji haruhusiwi kuingia kwenye hesabu. Basi nimechora safu ya tatu, nikajiandika humo. Jumla sasa ni ishirini na mbili. Jumatatu mwalimu atakubali tu.