Usicheke na Msafara wa Kupatwa kwa Jua

Redio ya Kinyozi ina tabia ya kutoa habari kubwa mtu akiwa amenyolewa nusu kichwa. Asubuhi hiyo mwenye nusu kichwa alikuwa Cheche, fundi wa kuchomelea mageti. Habari ilipoanza aliinuka kitini na shuka lake shingoni, akaja kusimama mlangoni ili ahakikishe kuwa walioko kwenye benchi nao wamesikia. Benchi lenyewe liko katikati ya milango miwili, huku kwa Kinyozi, huku studio ya picha, na wanaokaa hapo hukaa kana kwamba wameajiriwa.

Mtangazaji alisema mwezi ujao jua litapatwa lote, na giza litapita juu ya mji wao huu huu. Akasema tayari kuna msafara wa wageni wenye kamera wanaokuja na mwalimu wao wa picha. Watapiga picha jua likipatwa, kisha watapelekwa mbugani kupiga wanyama, kisha milimani na maziwani kupiga mandhari, yote hayo safari moja.

"Kwa hiyo watu wanapanda ndege kufuata giza," alisema Kinyozi, mashine ikimnguruma mkononi. "Sisi hapa umeme ukikatika tunaletewa mpaka kitandani."

Waziri akakohoa, na Waziri akikohoa ujue hotuba inakuja. Huyu si waziri wa kitu chochote. Siku moja alivaa tai kwenda msibani, njiani akapita penye mkutano wa wakubwa, akashikwa mkono na kuketishwa mstari wa mbele, akapewa na maji ya chupa. Tangu siku hiyo hajapata kunyamaza. Alieleza jua linavyopatwa kwa kutumia kofia yake, kipara cha mteja aliyekuwa akisubiri zamu, na kidole gumba, mpaka yule mteja akaomba arudishiwe kichwa chake.

Mwenye studio alikuwa amekaa mwisho wa benchi, akifuta lenzi kwa pindo la shati. Jina lake la nyumbani wamelisahau, wanamwita Usicheke, kwa kuwa ndilo neno analomwambia kila anayekalia kigoda chake. Kazi yake ni picha za vitambulisho. Ana pazia la buluu, kigoda chenye mguu mmoja mfupi uliotiwa kadibodi, kitana kilichofungwa kwa kamba kisiibwe, na koti moja la kuazima lililokwisha kuvaliwa na mji mzima. Kinyozi husema polisi wakikagua vitambulisho vya watu wa hapa hudhani wote wametoka kuzika, kumbe ni kazi ya mtu mmoja.

"Nasi tuanzishe msafara wetu," alisema Waziri. "Mwalimu tunaye huyu hapa. Jua litakuja lenyewe. Bado wanyama na mandhari."

Wakaanza kutafuta wanyama. Cheche akamtaja punda wa mwenye nyumba, ambaye kwa tabia zake anastahili kuwa mbugani na mageti yafungwe. Kinyozi akasema wako panya wa kwenye mashine ya kusaga, wakubwa kiasi kwamba paka wa bucha huwaamkia. Mandhari pia ikapatikana, kilima cha juu ya machimbo ya kokoto, ukikitazama kwa jicho moja na pua ukiwa umeiziba. Walicheka mpaka Cheche akasahau kuwa nusu ya kichwa chake bado ina nywele. Walijua wanavyojijua, msafara wao mrefu kuliko yote ni kutoka kwenye benchi kwenda kivulini na kurudi.

Pazia la studio likafunguka, akatoka mama mkwe wa Usicheke.

Benchi lote likanyooka. Mama huyu alikuwa amekuja kwa binti yake, anayeishi na Usicheke vyumba vya nyuma, ili atibiwe macho. Ni mtu wa sala na maneno machache, na machache yenyewe huwa mazito. Usicheke alipokwenda kuposa, mama alimuuliza anafanya kazi gani. Akajibu anapiga picha. Mama akatikisa kichwa kwa upole, akauliza, "Na mchana unafanya nini?" Tangu hapo humwita Bwana Picha, na hajawahi kumwomba chochote, hata maji ya kunywa. Akiyataka humwomba binti, hata kama mkwe ndiye aliyekaa karibu na mtungi.

"Bwana Picha," alisema, akipapasa benchi mpaka akakaa. "Hilo jua nami nimelisikia. Nilipokuwa mtoto lilipatwa, wakubwa wakatufungia ndani tukajificha chini ya kitanda. Nikasikia jogoo wakiwika saa sita mchana. Watu wazima wote waliona, mimi nikaona miguu ya kitanda. Sasa nimezeeka, na daktari naye amenikataza hata kutazama juu siku hiyo."

Akamgeukia mkwewe. "Niletee picha. Moja tu. Nami nijue Mungu alifanya nini siku ile."

"Ndiyo, mama," alisema Usicheke, kwa sauti ya mtu aliyesomewa hukumu.

Hapo mzaha wa Waziri ukawa kazi ya kweli. Usicheke hakuonyesha kitu usoni, maana hata yeye mwenyewe amezoea kutocheka, lakini moyoni alichemka. Miaka yote hiyo mama amekuwa akimwona kama mtu anayebonyeza kitufe halafu anakwenda kula. Leo ameomba. Usiku alimwambia mkewe kwamba picha hiyo akiikosa, bora ahamie mji mwingine. Mkewe akamjibu kwamba mama atamfuata kwa miguu kuidai.

Siku ikafika. Wageni walikuwa wameshatangulia juu ya kilima na magari yao, na kamera zenye midomo mirefu kama mabomba ya maji machafu, zikiwa zimesimamishwa kwa miguu mitatu mitatu. Mwalimu wao alikuwa akipita katikati yao akinong'ona kama daktari wodini. Msafara wa benchi ukasimama chini kwenye mteremko, karibu na machimbo. Kinyozi alikuwa na redio. Cheche alileta ngao yake ya kuchomelea, wakawa wanaipokezana, na kila anayeivaa akitangaza kwamba jua limeliwa kama biskuti. Waziri alikuwa na tai. Punda hakualikwa, alijileta.

Usicheke alikuwa na kamera yake, ambayo mkanda wake ulikatika zamani akaufunga kipande cha mshipi wa suruali. Kamera hiyo haikuwahi kutoka nje ya studio. Tangu alipoinunua, ilikuwa ikitazama masafa mamoja tu, kutoka kwenye utepe wa sakafuni hadi kwenye kigoda. Akaona heri ajaribu mwanga kwanza, akawapanga jamaa zake mstari mmoja, kilima nyuma yao na punda pembeni, ili jua liwamulike usoni na yeye liwe mgongoni kwake, kama kila mpiga picha wa kazi yake anavyofundishwa siku ya kwanza.

Basi giza likaingia wakati huo huo.

Halikuingia kama la jioni. Lilikuja mbio kutoka upande wa machimbo, likapita juu ya mawe, likawafunika. Redio ikabaki inaongea peke yake. Cheche akaishusha ngao. Kinyozi akavua kofia. Waziri akainua kichwa polepole, tai ikamlegea. Juu ya kilima wageni wakapiga ukelele mmoja kisha wakanyamaza.

Usicheke, kwenye kioo cha kamera yake, akaona wateja wamejisahau. Mikono ikafanya inavyojua. Mwanga umepungua, akawasha taa ya kamera. "Tulia hapo," akasema. "Mabega sawa. Usicheke." Akabonyeza. Akabonyeza tena. Sauti kutoka juu ikauliza kwa hasira ni nani huyo anayewasha taa, naye akaomba radhi bila kuinua macho, akaizima, akaendelea bila taa. Angekuwa amesahau tu, ingekuwa nafuu. Lakini nyuso zile alizijua kwa miaka na hakuwahi kuziona namna ile, zikamnogea, akawa anabonyeza kama mtu anayekunywa maji. Akashtuka mwanga ukiwarudia wenzake paji la uso, halafu pua, halafu kidevu.

Akageuka. Jua lilikuwa limekwisha kutoka upande mmoja, kali, halitazamiki.

Kinyozi akauliza, kwa upole wa mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Umelipata?"

"Nimewapata nyinyi," alisema Usicheke.

Kurudi kwao sikuombei urudi hivyo wewe. Walipofika studio wakazitazama zote kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, wakijificha nyuma ya pazia la buluu ili mama asiwasikie. Cheche akatoa hesabu ya msafara: mnyama yupo, mandhari ipo, jua halipo. Alisema katika historia ya dunia hakuna watu waliokwenda kupiga picha kupatwa kwa jua wakarudi na picha za kitambulisho.

Ndipo Waziri alipopata sauti yake tena. Alisema mfuniko wa sufuria mweusi ukiuweka mbele ya taa, kingo zikatoa mwanga, hata mwalimu wa wale wageni hawezi kutofautisha, sembuse mama mwenye macho ya kutibiwa. Wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kisha Cheche akaenda kuuchukua mfuniko jikoni. Usicheke akaupiga picha. Ulitoka mzuri, Mungu anisamehe kusema, mzuri kuliko jua lenyewe. Duara jeusi tii, na taji la mwanga pembeni. Alipoichapa na kuishika mkononi, aliona jinsi mama atakavyoipokea, atakavyowaonyesha majirani, na jinsi atakavyomwambia siku moja, mwanangu, niletee maji.

Kinyozi alikuwa ameegemea ukuta, anakunja kofia yake. "Macho mabovu ni ya mama," alisema. "Ya Mungu ni mazima."

"Hujaombwa mahubiri," alisema Waziri, ila alisema akitazama chini.

Usicheke alikaa kwenye kigoda chake mwenyewe, chenye mguu wa kadibodi, kikamtikisa kama kinavyowatikisa wateja. Mwanamke huyu alifungiwa chini ya kitanda asione, na sasa mkwewe anataka kumwonyesha mfuniko wa sufuria yake mwenyewe, ule ule unaofunika maharage. Akaichana ile picha, akaichana tena, vipande akavitia mfukoni mkewe asije akaviona. Kisha akachapa nyingine, akatoka nje.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi kivulini, kioo cha kukuzia herufi mapajani, akisubiri. Jamaa wakatoka mmoja mmoja wakasimama mbali kidogo, kama watu wenye kesi.

"Mama," alisema Usicheke, "jua sikulipata. Naomba unisamehe." Akampa picha.

Mama akaisogeza puani, akaweka kioo chake juu yake, akaanza kutembeza kutoka kona hadi kona. Ilimchukua muda mrefu.

"Nilikuomba jua," alisema, "umeniletea wanaume watatu wamepanua vinywa na punda."

"Ndiyo, mama."

"Punda mbona amelala?"

"Alilala giza lilipoingia, mama. Alidhani siku imekwisha."

Kioo kikaendelea kutembea. Kikafika kwa Cheche, kikasimama. Kikafika kwa Waziri, kikasimama zaidi. Kikafika kwa Kinyozi, mama akainamisha kichwa mpaka kilemba chake kikagusa karatasi. "Huyu analia."

"Vumbi la machimbo hilo, mama," alisema Kinyozi haraka.

"Sikukuuliza, nimesema." Akakiinua kioo, akawatazama wote kwa yale macho yake yenye ukungu, mmoja mmoja, kana kwamba anawalinganisha na picha, na sura za mchana huu zikashindwa. "Basi lilikuwa kubwa," alisema taratibu. Midomo yake ikacheza kwa maneno ya sala yasiyosikika. Halafu akauliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mbele yao, mama. Nilikuwa nimeligeuzia jua mgongo."

"Mwanzo mpaka mwisho?"

"Mwanzo mpaka mwisho. Mji mzima uliona, nadhani hata punda aliona kabla hajalala. Mimi nimeona hao."

Wakamsubiri mama aseme kwamba hiyo si kazi, neno ambalo Usicheke amekuwa akilisubiri tangu siku ya posa. Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Mwanzoni walidhani analia, binti yake akachungulia dirishani kwa hofu. Kumbe mama alikuwa anacheka, kicheko cha chini kinachotoka tumboni, mpaka akashika benchi asianguke, na Usicheke, ambaye kazi yake ni kuwakataza watu hilo jambo, leo hakukataza.

"Kwa hiyo katika mji huu wote," alisema mama alipopata pumzi, akijifuta macho kwa ncha ya kanga, "tuliolikosa ni mimi na wewe."

Akajisogeza, akapiga palipobaki wazi pembeni yake. "Kaa hapa, mwanangu."

Usicheke akakaa kwa uangalifu, kama mtu anayekalia kigoda asichokijua mguu wake. Mama akaiweka picha juu ya magoti yao, nusu kwake nusu kwa mkwewe, kisha akainua uso kuelekea kwa Waziri.

"Haya, wewe mwenye maneno. Sisi wawili hatukuona. Tueleze lilikuwaje."

Waziri akakaza tai. Akakohoa. Akainua kofia kwa mkono mmoja na kidole gumba kwa mkono wa pili, akafungua kinywa, na kinywa kikabaki hivyo hivyo, wazi, huku Kinyozi akirudi taratibu dukani kwake kutafuta taulo la kujifutia lile vumbi la machimbo.