CD Iliyofukuza Ndege

Nilikuwa nimeingiza waya mwembamba katika kile kitundu kidogo cha draivu, nikisukuma taratibu ili trei ifunguke, Kiunga alipotusomea tena ile habari kutoka kwenye simu yake. Ilikuwa mara ya tatu tangu chai ya saa nne.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi walimu wa Meru na walimu wa Embu watacheza tena hapa Kinoru, na kamati imeamua kwamba mpira wa kwanza utapigwa na mzee aliyefunga bao la mwisho walipokutana, mwaka wa 2009. Kiunga, mwalimu mstaafu, anasema mzee huyo ni yeye. Aliupiga kwa kichwa, na ndiyo sababu benchi letu lote hapa dukani linamwita Kichwa. Ndambiri, naye mwalimu mstaafu, ndiye aliyelinda goli la Embu siku hiyo. Alihamia Kinoru zamani, lakini katika gemu hiyo hajahama. Anasema mpira haukuvuka mstari. Yeye tunamwita Ukuta.

Mvua ilikuwa kubwa, watu waliingia uwanjani, refa akaondoka bila kuaga. Meru waliandika moja bila, Embu wakaandika sare. Ushahidi ni mmoja tu, CD iliyorekodiwa na mpigapicha wa harusi, na ndiyo hiyo ambayo kompyuta ya duka langu ilikuwa imekataa kuisoma. Kamati inataka jibu kufikia Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatano.

"Kama hakuna bao," alisema Angeline, anayeuza chai mbele ya duka langu na kuamua kesi zote za benchi, "jina la Kichwa linaisha leo. Tutamwita Kiunga, kama alivyobatizwa."

"Na kama bao lipo?" Kiunga akauliza.

"Ukuta atakuwa Dirisha."

Trei ikatoka. Nikaichukua CD kwa ukingo. Kwenye tundu la katikati bado kulikuwa na alama ya uzi, na Kiunga alipoiona akaanza upya kueleza alivyoikuta. Walikuwa wameenda Mbeere kumzika shemeji ya Ndambiri, watu wanaimba, yeye anaona kitu kinametameta shambani kwa Ndambiri. Akasogea. Ilikuwa CD, imetundikwa juu ya mtama, imeandikwa kwa wino: WALIMU FAINALI 2009. Akakata uzi, akaitia kwenye kitabu cha nyimbo.

"Ilikuwa inafukuza ndege," Ndambiri alisema. "Mke wangu Purity ndiye aliitundika. Yeye haulizi kitu kimerekodiwa nini."

"Misimu miwili!" Kiunga akasema.

"Na hatukupoteza hata suke moja."

"Hamngepoteza. Ndege yeyote akiona vile Embu mlicheza siku hiyo, lazima atoroke."

Hapo Muthomi alikuwa ameshafika. Muthomi ana duka la dawa za mifugo mlango wa pili, tunamwita Daktari, na kwake kila kitu kikiharibika ni ng'ombe. Aliweka kiganja juu ya kompyuta, akafikiri.

"Ina joto. Hii ni ndigana. Ilipewa dawa ya minyoo lini?"

Nilimwambia haijawahi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta uzembe mkubwa.

Mimi kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuharibu redio mbili za baba, na kutoka hapo nilibaki na sheria moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Kwa hivyo nikafungua daftari. Nikaweka kwanza CD ya kwaya ya akina mama, ambayo ninajua ni nzima. Ikisomeka, basi mgonjwa ni ile ya mpira. Isiposomeka, mgonjwa ni draivu. Ilizunguka, ikakohoa, halafu mashine ikaniomba niweke CD, kama vile sikuwa nimeweka.

"Draivu," nikaandika.

"Kwa hivyo CD yangu haina makosa," Ndambiri akasema.

"Yako?" Kiunga akadakia. "Jana ulisema hujui ilifikaje kwa mtama."

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Kiunga alitaka niipige makofi ubavuni, jinsi redio zilivyokuwa zikipigwa zikasikia. Ndambiri alitaka nipulize. Angeline alisema ndugu yake wa Mitunguu husafisha CD kwa upande wa ndani wa ganda la ndizi, na kwa kuwa alikuwa ndiyo anamaliza ndizi, akanipa ganda. Niliandika yote matatu kwenye daftari. Sikudharau hata moja, ila yalipaswa kungoja zamu.

Nilimwomba Daktari spiriti kidogo na pamba. Alirudi amevaa gamubuti, na zaidi ya nilivyoomba alileta sindano ya kudunga fahali.

"Mwalimu, shikilia kichwa," akamwambia Kiunga.

Kiunga akashika skrini kwa mikono miwili. Nikaipangusa lenzi, kijicho kidogo kama punje ya uwele, mara moja, bila kukandamiza. Pamba ikatoka na vumbi. Nilirudisha CD ya akina mama na kwaya ikaanza papo hapo, na Angeline akaingia na sauti ya pili huku akiosha vikombe.

"Bado nisidunge?" Daktari akauliza. Nikasema bado.

Nikaweka ile ya mpira. Ilizunguka, ikaguna, ikakataa. Basi wagonjwa walikuwa wawili, jambo ambalo hutokea. Nikaiinua CD kwenye mwanga. Ilikuwa na michubuko ya mviringo, duara ndani ya duara.

"Nani ameisugua hivi?"

Kiunga akaangalia viatu vyake. "Niliiosha kidogo."

"Na nini?"

"Majivu. Kama sufuria."

Ndambiri akasimama. Akasema sote tumesikia, mtu ameharibu ushahidi, na kwamba kortini angekuwa amefungwa.

"Ilikuwa na mavi ya ndege," Kiunga akajitetea.

"Si ulisema ndege walitoroka?"

"Hao waliobaki ni mashabiki wa Embu."

Niliwaeleza kwamba CD haisuguliwi kwa kuzunguka. Hupanguswa kutoka katikati kwenda ukingoni, kama unavyochora miale ya jua. Nikachukua kitambaa laini na maji ya sabuni nikaanza. Ilichukua kama dakika kumi. Kiunga alikaa karibu nami akisugua paji la uso, kama afanyavyo akiwa na wasiwasi, na alisema jambo ambalo nadhani ni mimi tu niliyelisikia.

"Fundi, mjukuu wangu shuleni wanamwita Kichwa Mdogo. Anajivunia. Sasa nitamwambia nini?"

Nikakausha CD, nikaiweka kwenye trei, nikaisukuma kwa kidole.

Ikasoma.

Picha ilifunguka ndani ya moyo mwekundu wenye maua pembeni. Mpigapicha wa harusi hakubadilisha kazi yake: kila mpira ulipotoka nje alikuwa akitugeuzia wageni wa heshima wakila. Nikapeleka mbele hadi dakika ya themanini na saba. Kona ya Meru. Mvua. Kiunga akaruka, mwembamba, na nywele. Ndambiri akatoka golini, naye mwembamba, naye na nywele. Mpira ulikuwa katikati yao, na nyuma yao mstari wa goli umezama majini.

Draivu ikaguna, picha ikasimama hapo hapo.

Tuliinama wote kwenye skrini. Angeline ndiye aliyeona kwanza.

"Mbona wote wawili mmefumba macho?"

Ilikuwa kweli. Kichwa alikuwa amekaza macho kama mtoto anayepewa kwinini. Ukuta alikuwa amegeuza uso kabisa, kama mtu anayemwagiwa maji.

Daktari akarudisha kifuniko cha sindano.

"Miaka kumi na sita," Angeline akasema polepole, "nimekuwa nikisikiza mashahidi wawili, na hakuna hata mmoja aliyeona."

Niliwaambia kwamba lenzi ikipanguswa mara moja tena, sehemu iliyobaki itasoma. Kazi ya dakika tano.

"Hapana, usiikimbize," Kiunga akasema. "Ipumzike."

"Kabisa," Ndambiri akasema. "Imeshughulika sana leo."

Walikuwa hawajawahi kukubaliana mbele yangu. Angeline akawauliza, na Jumamosi? Ndambiri akafikiri, akasema kwamba mpira wa kwanza, kwa sheria walizofundisha wao, una watu wawili: mmoja anagusa, mwenzake anapokea. Kiunga akasema kamati itaelewa, ni walimu.

"Na CD," Ndambiri akaongeza, "kama haina haraka, Purity alipiga simu. Ndege wamerudi kwa mtama."

"Mpe, fundi," Kiunga akasema. "Mtama ni chakula."

Niliwaambia kwa heshima kwamba kazi iliyoanzwa haitoki dukani nusu. Nikaandika: *Imesoma hadi dk. 87. Kesho saa tatu, lenzi tena.* Nikawasomea, wajue wafike.

Kiunga akakumbuka kwamba kesho saa tatu ana kliniki ya macho huko Embu. Ndambiri akasema atamsindikiza, naye apimwe.